Ndege Iliyonusa Shaba ya Kolwezi

Ninyi vijana wa mécanique, wanafunzi wa injini, munaopenda kucheka wazee, nichekeni sasa hivi tumalize mapema. Kwa miaka mingi ya maisha yangu, na diploma ya shule ya jioni ikiwa imetundikwa ukutani pale sebuleni, mi niliamini kabisa kwamba ndege ya Monsieur Luc inanusa shaba.

Sikuwa peke yangu. Kapata nzima, mtaa wetu, iliamini, kuanzia katekista mpaka wauza makala, yaani mkaa. Na musituone wajinga, tulikuwa na sababu. Monsieur Luc alikuwa géologue, mtaalamu wa mawe, wa kampuni ya migodi. Jumamosi alipanda planeur yake, ndege nyembamba yenye mabawa marefu, ambayo haina injini ya kuirusha. Ndege nyingine inaivuta kwa kamba mpaka juu, kisha inaiachilia ielee yenyewe kama kipanga. Ikiachiliwa, inaenda wapi? Moja kwa moja juu ya vile vilima vya uchi ambako mti hauoti kwa sababu ya shaba. Inazunguka hapo, inazunguka, inapanda. Ikishiba, inahamia Kingamyambo, juu ya ule mchanga mweupe wa mabaki ya kiwanda, inazunguka tena. Juu ya msitu haikai. Juu ya Lualaba inapita mbio kama mtu aliyekutana na mama mkwe wake njiani.

Géologue, shaba, kuzunguka. Mtu mwenye akili zake atafikiri nini?

Siku moja ikazunguka juu ya nyumba yetu. Juu ya nyumba yetu sisi! Nilichukua chepeo na sururu nikaanza kuchimba nyuma ya jiko. Mke wangu, Mama Chanda, akatoka na mwiko wa bukari, ugali wetu, mkononi.

“Unachimba kaburi ya nani?”

“Ya bumaskini,” nikamujibu.

Nilichimba mpaka shimo likanifika mabegani, na huko chini sururu ikagonga kitu kigumu, cha rangi ya kijani kidogo. Nilipiga kelele mpaka kuku wa Kapata wakaacha kutaga kwa juma zima. Nikapiga tena kwa nguvu zote. Ilikuwa shaba kweli, sikudanganyika. Ilikuwa bomba la shaba la kampuni, lile linaloleta maji katika mstari wetu wote wa nyumba. Maji yaliruka mpaka malaika wakafunga madirisha. Majirani walikuja na ndoo, na Mama Chanda akafua nguo zote tulizokuwa nazo, hata zilizokuwa safi.

Mtu mwingine angejifunza. Mi nilisema moyoni: munaona? Ilikuwepo.

Basi kampuni ilipotafuta mtu wa kusaidia kule aeroclub, klabu ya ndege, mtu mwenye diploma na mikono, nilikimbia kuomba kabla tangazo halijakauka gundi. Nilitaka kuona ile pua kwa macho yangu.

Aliyenipokea pale hangari ni Tata Mulumba, na sasa nyamazeni kidogo, maana huyu ndiye ninayemwandikia haya, ingawa ninawaandikia ninyi. Alikuwa mtu mfupi, mnene wa shingo, mwenye sauti ya kuimba besi katika kwaya ya Waprotestanti. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mugodini. Yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, akasoma Kolwezi, akaoa Kolwezi. Kasai aliijua kwa kusikia tu, kama mi ninavyoijua Roma. Aliangalia diploma yangu pande zote mbili, akasema, “Muzuri. Sasa wee ni Diplomé.” Tangu siku ile hakuniita jina lingine.

Nikaonyeshwa siri. Mgongoni mwa planeur, nyuma ya kiti, palikuwa na milango midogo. Unafungua, mlingoti unasimama, na juu yake kuna injini ndogo yenye helisi, zile panga zinazozunguka, si kubwa kuliko ya pikipiki.

“Hii kazi yake nini?” nikauliza.

“Kumurudisha Monsieur ku nyumba, ndege ikichoka kule juu.”

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kumurudisha nyumbani! Mi nilijua ni pampu ya kuvutia harufu. Kwenye kioo cha mbele palibandikwa uzi mwekundu wa sufu, unaocheza kwenye upepo: ile ndiyo pua. Na ndani palikuwa na saa moja inayoitwa vario, yenye mshale. Ndege ikizunguka mahali pazuri, mshale unapanda na saa inalia tiii, tiii. Nani tena anahitaji maelezo? Na Monsieur Luc mwenyewe, akishuka, anafuta jasho na kusema kwa Kiswahili chake cha Kolwezi: “Leo Kingamyambo ilinipatia mingi!” Ilimpatia nini, kama si shaba? Sikuuliza kamwe. Niliona ni siri ya kampuni, na mfanyakazi mzuri haulizi siri. Nilifanya kazi pale nikiwa mlinzi wa siri ambayo hakuna aliyenipa.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kabla Monsieur Luc hajaondoka kwenda safari ya mbali, tulijaribu ile injini chini. Akizunguka karibu ya uwanja si kitu, akichoka anatua. Lakini kuelekea Mutshatsha, au upande wa Likasi, chini ni msitu mtupu. Injini ikikataa huko, mtu anatua kwenye matawi.

Kwanza, mkia. Tata Mulumba alichimbia kipande cha reli pale uwanjani, kikabaki nje kiasi cha kufungia kamba. Mkia unafungwa hapo, pua inaangalia upepo. Pili, esansi, yaani petroli. Kabla ya kuichanganya na mafuta, unadondosha kidogo kwenye karatasi nyeupe. Ikikauka bila alama, ni safi, unaongeza mafuta yako na kuitikisa kama mama anayetikisa maziwa. Ikibakiza doa, muuzaji wa barabarani amekuuzia supu. Tatu, kamba. Kule angani ndege inainamisha kichwa, upepo unazungusha helisi, injini inaamka. Chini hakuna upepo huo, kwa hiyo Tata Mulumba aliweka puli ndogo ya kuzungushia kamba, kama ile ya mulini, mashine ya kusaga mahindi. Unavuta, na unapovuta mwili wako uwe umeshaegemea nyuma. Helisi haisamehi mtu wa kuanguka mbele. Mi niliwahi kuvuta nikakaa chini kwa nguvu mpaka alama yangu ikabaki uwanjani, na mvua mbili zilinyesha bila kuifuta.

Ikiwaka, mtoto wa shule ya jioni anashangilia. Nilishangilia siku ya kwanza.

“Nyamaza,” Tata Mulumba akasema. “Moteur yenye kuwaka mara moya haiyasema kintu. Izime. Irudishe mu tumbo, funga milango. Alafu uitoshe tena, uiamushe tena. Kule juu haiko shiye benye kuitosha.”

Ndivyo tulivyofanya, kila mara: kuwasha, kuzima, kuirudisha, kuitoa na kuiwasha tena, maana kule juu Monsieur anaitoa peke yake. Mwishoni tulifungua buji, ile inayotoa cheche, na kuangalia rangi yake. Ikiwa nyeusi, injini inakunywa mno. Ikiwa nyeupe, ina kiu. Tulitaka rangi ya karanga iliyokaangwa na mtu mwenye subira.

Siku ya kwanza alinikuta nimeingiza pua yangu kwenye bomba la moshi.

“Unatafuta nini mule, Diplomé?”

“Minasikiliza tu, tata.”

“Na pua?”

Akaniacha. Alikuwa mtu wa heshima, hakupenda kumwaibisha mtu mzima.

Sasa niwaambie habari ya wimbo, maana bila wimbo hamtaelewa kilichotokea baadaye.

Kuna safari Monsieur Luc alikwenda upande wa Mutshatsha, akifuata reli. Asubuhi tulijaribu injini, ikawaka mara ya kwanza, ikawaka mara ya pili, buji rangi ya karanga. Alasiri mawingu yalifunika jua, ndege ikaanza kushuka. (Mi niliposikia nikasema moyoni: bila shaka, upande ule shaba imeisha.) Akatoa injini, ikawaka vizuri kabisa. Ikaenda kidogo, ikakohoa, ikafa. Alitua kwenye shamba la viazi vitamu. Tulipofika na Land Rover na trela, tulimkuta amekaa kwenye kigoda katikati ya wachoma makala, anakula bukari na sombe, majani ya muhogo, na kijiji kizima kimepanga mstari kukaa zamu kwa zamu ndani ya ndege. Chifu ndiye aliyekuwa ndani wakati ule, na hakutaka kutoka.

Tata Mulumba hakula. Alilala chini ya tumbo la ndege mpaka akapata kirija kinachopitishia hewa kwenye tangi la esansi. Nyigu wa udongo walikuwa wamejenga ndani yake. Hewa haiingii, esansi inashuka kidogo, halafu inakataa. Sisi tulikuwa tunawasha na kuzima upesi, kabla tangi halijaanza kulalamika.

Alisimama mbele ya Monsieur Luc, kofia mkononi.

“Monsieur, ni miye. Nilisikiliza moteur, sikusikiliza tangi.”

Monsieur Luc akamsogezea sahani. “Bila ile nyigu, hii sombe ningeiona wapi? Ikala chini, Mulumba.”

Tangu hapo sheria mbili ziliongezeka. Ya kwanza, unapuliza kile kirija kwa mdomo wako mwenyewe kabla ya kitu chochote. Ya pili, injini inaunguruma kwa muda wa wimbo mmoja mzima. Tata Mulumba alichagua wimbo wa kwaya yao, wa Kiluba cha Kasai, wenye mistari mingi na unaoimbwa polepole kama watu wanaopanda mlima na mizigo. Akauimba pale uwanjani, sauti ya besi chini ya kelele ya injini. Wimbo ukiisha na injini bado inaunguruma, hewa inapita, esansi inapita, Monsieur aende. Saa za mkono tulikuwa nazo, lakini alisema saa inamfanya mtu aangalie saa, na wimbo unamwacha na macho ya kuangalia injini. Jaribuni, mutaona.

Mi Mukatoliki, tena si mtu wa Kasai, niliujifunza ule wimbo wote bila kujua maana ya neno hata moja. Niliuimba kwa sauti ambayo Tata Mulumba alisema inasaidia kufukuza nyigu.

Halafu ule wakati ukaja. Wengine wenu wazazi wenu hawapendi kuusema. Kampuni ilianguka kipande kwa kipande, kama nyumba inayoliwa na mchwa. Askari walipora. Wazungu waliondoka, na Monsieur Luc pia. Alitukumbatia, akaacha planeur hangarini, akasema tuitunze. Kisha watu wakaanza kuambiwa kwamba taabu yote ile imeletwa na watu wa Kasai, na kwamba warudi kwao. Kwao wapi? Tata Mulumba alizaliwa hospitali ile ile tuliyozaliwa sote.

Siku waliyomtoa Tata Mulumba na mkewe nyumbani, nilikuwa upande wa pili wa mji. Niliporudi nikakuta mlango wake Kapata umeng’olewa. Nikamkuta gare, kwenye kituo cha treni, katikati ya watu wengi waliokuwa wamekaa juu ya magodoro na masufuria wakisubiri treni isiyojulikana siku yake. Mkewe, Mama Ntumba, alikuwa anapika kwenye jiko la makopo. Tata Mulumba alikuwa amekaa juu ya fungu la nguo, mikono imelala magotini. Sikuwahi kuiona mikono ile haina kazi.

“Walichukua caisse,” akaniambia.

Sanduku lake la vyombo. Alilikusanya tangu ujana, chombo kwa chombo, na vingine alivisaga mwenyewe.

“Nyumba, bachukue. Lakini bila bile bintu, kule kwenye sijue mutu, nitakuwa nani, Diplomé? Nitaomba?”

Mama Ntumba akageuza uso upande wa jiko.

“Nani aliichukua?” nikauliza.

“Kafwaya na bale babo. Banasema pua ya ndege iko mule ndani.”

Kafwaya! Alikuwa kipa wa timu ya Kapata, mtu mkubwa kama mlango wa kanisa, na alikulia ukuta kwa ukuta na akina Mulumba. Na pua ya ndege!  Siri imetoka.

Nilikwenda nyumbani nikamwambia Mama Chanda kwamba nakwenda kutoa siri ya shaba ya nchi nzima ili kumwokoa mtu mmoja.

“Ile shaba yako ya bomba?” akasema. “Wende mbio.”

Nilimkuta Kafwaya na wenzake wamekaa barazani, sanduku katikati yao, vyombo vimemwagwa chini. Walikuwa wanavigeuza geuza na kuvinusisha mawe ya malakiti, yale ya kijani yenye shaba, kimoja baada ya kingine.

“Pua haiko mule,” nikawaambia. “Iko ku hangari. Nitawaonyesha yote, mbele ya macho yenu. Alafu munanipa hii caisse, na kila kintu ndani.”

“Unatetea ule Mukasai?”

“Ninatetea mwalimu yangu.”

Kafwaya akasimama, akachukua rungu lake. “Twende. Lakini ukitufanya bajinga, Diplomé, utapanda train pamoya naye.”

Tulivuta planeur nje.  Nilijiona kama mtu anayeuza kanisa. Na hapo, vijana, ndipo nilipogundua kitu cha ajabu: sikuweza kuwaonyesha haraka haraka. Mikono ilikataa. Nilifunga mkia kwenye reli. Nilipuliza kile kirija. Nilidondosha esansi kwenye karatasi, nikasubiri ikauke, na wale watu wakubwa wenye marungu wakasubiri karatasi pamoja nami. Nikainua mlingoti, nikawasogeza mbali na helisi, nikaegemea nyuma, nikavuta kamba.

Ikawaka. Vumbi jekundu likaruka, kofia zao zikaenda mpaka Zambia. Nikaizima. Nikairudisha tumboni, nikafunga milango.

“Unaficha nini?” mmoja akapiga kelele.

“Haiyasema kintu,” nikasema. Nikaitoa tena, nikavuta tena.

Na ilipounguruma, nilipaswa kupima muda. Mi nilijua kipimo kimoja tu. Mdomo wangu ulishafunguka kabla sijakumbuka niko mbele ya nani. Niliimba. Kiluba cha Kasai, mbele ya watu waliofukuza Wakasai, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu.

“Anasema nini huyu? Ni dawa?” mmoja akauliza, akinyanyua rungu.

Nilimwangalia Kafwaya. Ule wimbo aliusikia kupitia ukuta kila Jumapili, tangu anatambaa.  Midomo yake ilikuwa inatembea pamoja na yangu, na sidhani alijua.

Wimbo uliisha, injini bado inaunguruma. Nikaizima.

Walikuja na mawe yao. Waliweka malakiti mbele ya uzi mwekundu: uzi ukalala. Waliweka malakiti juu ya vario: mshale haukutikisika. Walizungusha ndege ikaelekea Kingamyambo. Kimya. Mmoja akainama akaiangalia injini kwa karibu, akatema mate.

“Bongo! Bametudanganya, ni moteur ya mulini tu.”

Wakaanza kuniangalia vibaya. Kafwaya ndiye aliyegeuka wa kwanza.

“Mumupe caisse yake,” akasema. “Na mukusanye yote. Hata kale kadogo.”

Nilibeba lile sanduku kichwani kutoka Kapata mpaka gare, zito kama kichwa cha treni, na sikusimama kupumzika. Labda nilisimama kidogo. Tata Mulumba alilifungua, akapitisha vidole juu ya vyombo bila kuangalia, akalifunga, akakaa juu yake. Mama Ntumba akanimiminia chai.

Treni ilikuja siku nyingine, ikawachukua. Nilipata salamu zake kwa miaka na miaka, kwamba anatengeneza injini za mulini kule, na kwamba watu wa huko wanashangaa fundi anayeimba. Kila injini niliyogusa baada yake, ya pampu, ya lori, ya umeme wa hospitali, niliiwasha mara mbili na kuiimbia. Nimezeeka na vidole vyangu vyote. Asante, tata, kwa hivyo vidole.

Lakini nataka kumalizia pale gare, na kikombe cha chai mkononi, kwa sababu nilikuwa bado na habari kubwa ya kumpa. Nikamsogelea sikioni.

“Tata, usiogope. Siri iko salama. Baliweka malakiti mbele yake, ikakataa kunusa! Mbele ya bageni, haikunusa hata kidogo!”

Akanitazama. Akatazama mkewe. “Mama Ntumba, kuya usikie.” Kisha akaanza kucheka, mabega kwanza, halafu shingo, halafu yeye mzima juu ya sanduku, mpaka watu wa magodoro ya jirani wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Alipofuta macho akaniuliza kama shule ya jioni haikutufundisha habari ya joto. Nikamwambia tulifika sura ile siku umeme ulipokatika.

“Basi sikiliza,” akasema. “Haiyanusa kintu, hata siku moya. Udongo bila miti unapata moto kupita pori. Hewa yake inapata moto, inapanda. Ndege inaingia mu ile hewa, inapanda nayo. Ni vile tu, Diplomé.”